Nina herpesi na mimba ya miezi saba. Lazima nipasuliwe?

"Daktari, nina miaka 27, naishi Busia upande wa Uganda. Nina mimba ya pili, ya miezi saba. Miaka minne iliyopita, kabla sijaolewa, nilitoka malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda vyenye maumivu makali, hospitali wakasema ni herpesi. Tangu hapo hunirudia mara mbili tatu kwa mwaka, na katika mimba hii imeshanirudia mara mbili. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kawaida na yuko sawa. Wiki jana kliniki moja ya binafsi ilinipima damu, wakasema virusi vimejaa, lazima nipasuliwe na nisinyonyeshe, la sivyo mtoto atakuwa kipofu au atakufa. Wifi yangu, ambaye anajua tu kwamba nawashwa, amenishauri nikalie mvuke wa dawa za miti. Mume wangu hajui lolote. Daktari, nitamuua mtoto wangu?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, humuui mtoto wako. Kwa jinsi ulivyonieleza, uwezekano wa mtoto huyu kuambukizwa ni mdogo sana, na bado una wiki za kutosha za kuupunguza zaidi. Ulichoambiwa kliniki kina chembe ya ukweli iliyozungushiwa vitisho vingi. Nikikujibu kwa mstari mmoja utaondoka na hofu ileile, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2004 na 2005, ambapo watu wazima walipimwa damu nchi nzima, ulikuta karibu nusu ya wanawake wana kirusi cha herpesi aina ya pili, kinachoitwa HSV-2. Hicho ndicho hasa kinacholeta malengelenge ya sehemu za siri. Wengi wao hawajui kwamba wanacho, kwa sababu hawajawahi kuona kidonda, au walikiona wakadhani ni mchubuko, fangasi au wembe umewakata. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito siku ya mahudhurio, mwanamke aliye kulia kwako au kushoto kwako huenda anacho kama wewe. Sasa linganisha na hili: duniani kote, watoto wachanga wanaopata ugonjwa wa herpesi wamekadiriwa kuwa takriban 14,000 kwa mwaka, yaani kama 10 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa. Kirusi kimetapakaa, lakini ugonjwa kwa vichanga ni wa nadra. Lazima kuna kinachowalinda, na ukikielewa utajua kwa nini mtoto wako wa kwanza alizaliwa salama.

Kirusi cha herpesi kikishapenya ngozi laini ya sehemu za siri, hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye vifundo vya neva vilivyo karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na hapo hukaa maisha yote. Ni kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama: siku nyingi amejifungia chumbani kimya, siku nyingine anatoka kufanya fujo kibarazani. Akitoka hushuka kwa neva ileile hadi kwenye ngozi, ndiyo maana vidonda vyako hurudi karibu mahali palepale. Homa, uchovu, mawazo mengi, hedhi na hata mimba yenyewe huweza kumwamsha. Kurudiwa mara mbili ndani ya miezi saba ni mwendo wa kawaida wa ugonjwa huu. Usidhani umezidi au umehamia kwenye mfuko wa uzazi.

Sasa, cha kuangalia sana ni lini mwili wako ulikutana na kirusi hiki mara ya kwanza. Siku hiyo mwili haukijui. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kutengeneza kingamwili za kutosha za kukikabili. Zikishakuwepo, kingamwili hizo hazibaki kwa mama peke yake. Huvuka kondo la nyuma zikaingia kwenye damu ya mtoto, na kazi hiyo hufanyika zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Wewe unazo tangu miaka minne iliyopita. Hivi unavyosoma, unamgawia mtoto wako.

Mwanamke anayeambukizwa herpesi kwa mara ya kwanza kabisa katika miezi mitatu ya mwisho hana cha kumgawia. Uchungu unamkuta kirusi kiko kwa wingi ukeni na kwenye mlango wa uzazi, na mtoto anapita hapo bila kinga yoyote. Akizaa kwa njia ya kawaida katika hali hiyo, watoto 30 hadi 50 katika kila 100 huambukizwa. Huyo ndiye ambaye kirusi chake kinatisha, na huenda ndiye aliyekuwa kichwani mwa aliyekuhudumia alipokuwa anakutisha wewe. Kwa mwanamke kama wewe, mwenye herpesi ya zamani inayojirudia, hata akikutwa na kidonda siku ya kujifungua, hatari ni kama mtoto 1 hadi 3 katika 100. Asipokuwa na kidonda wala dalili siku hiyo, inashuka chini sana ya mtoto 1 katika 100.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine. Kama hujawahi kuwa na herpesi na unajua mume wako anayo, wewe ndiye wa kujihadhari kuliko dada yetu huyu. Miezi mitatu ya mwisho acheni tendo la ndoa, au kama haiwezekani tumieni kondomu kila mara. Na kama mume ana malengelenge mdomoni, asikaribishe mdomo huo sehemu zako za siri, kwa kuwa kirusi cha mdomoni, HSV-1, nacho huweza kuhamia huko na kumdhuru mtoto vilevile. Ukitoka vidonda kwa mara ya kwanza maishani ukiwa na mimba kubwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikitokea ndani ya wiki sita za mwisho, hapo upasuaji ndio ushauri sahihi, bila kubishana.

Nirudi kwako na kile kipimo cha damu. Kipimo hicho hakihesabu virusi. Kinatafuta kingamwili, zile zile nilizosema zinamlinda mtoto. Kwa hiyo namba kubwa kwenye karatasi yako haina maana kwamba virusi "vimejaa". Inaonyesha tu kwamba mwili wako unakijua kirusi, jambo ambalo wewe ulishalijua miaka minne. Kuna na kasoro nyingine: watafiti waliofanya kazi Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda, walionyesha kwamba baadhi ya vipimo hivi, vilivyotengenezwa kwa kuzingatia damu za Ulaya na Marekani, vinapotumika kwa damu za Waganda hutoa majibu ya uongo ya "unayo" mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Na kile kingine wanachokiita IgM, ambacho huuzwa kama kipimo cha "maambukizi mapya", kwa herpesi hakiaminiki. Hela uliyotoa imekwenda, isikuumize, ila usirudie. Kipimo cha maana kwa mtu mwenye kidonda ni kuchukua majimaji ya kidonda chenyewe na kuyapeleka maabara, na wewe huhitaji hata hicho kwa sababu historia yako iko wazi.

Habari ya upofu ina mzizi wake. Mtoto aliyeambukizwa herpesi anaweza kushambuliwa macho, na asipotibiwa akaharibikiwa. Lakini anayepata hayo ni mtoto aliyeambukizwa, na tumeshaona hao ni wachache kiasi gani. Mafuta ya tetrasaiklini ambayo mkunga humpaka mtoto machoni baada ya kuzaliwa ni kwa ajili ya bakteria kama wa kisonono. Hayazuii herpesi, lakini usiyakatae. Na wale watakaokuambia herpesi ni kisipi (mkanda wa jeshi) kilichoshuka chini, waambie kisipi ni kirusi kingine kabisa, kile cha tetekuwanga.

Sasa tuje kwenye dawa. Inaitwa asiklovia, kwenye pakiti utaikuta imeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Haiondoi kirusi mwilini, hakuna dawa inayoweza hilo kwa sasa, na anayekuuzia ya "kung'oa mizizi" anakuibia. Kazi yake ni kukizuia kirusi kisizaliane kinapoamka. Ushauri unaotumika sehemu nyingi kwa mama mwenye herpesi inayojirudia ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, kuanzia wiki ya 36 hadi siku ya kujifungua. Kwa mama anayeishi na VVU, au mwenye dalili za kuzaa kabla ya wakati, daktari anaweza kuianza mapema zaidi. Majaribio yaliyowahi kufanyika yameonyesha kwamba kuimeza hivyo hupunguza kwa takriban robo tatu uwezekano wa kukutwa na vidonda siku ya uchungu, na hivyo wanaopasuliwa kwa sababu ya herpesi hupungua. Sitakuambia inafuta hatari yote. Wamewahi kuripotiwa watoto walioambukizwa ingawa mama alikuwa anameza dawa, ndiyo maana uchunguzi wa siku ya kujifungua unabaki palepale.

Najua swali linalofuata: haitamdhuru mtoto tumboni? Asiklovia ni dawa ya siku nyingi. Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani ambaye maabara yake iliifanyia kazi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kati ya mwaka 1984 na 1999 mimba zaidi ya 1,200 za akina mama walioitumia zilifuatiliwa, na kasoro za kuzaliwa hazikuzidi zile za akina mama wengine. Baadaye, mwaka 2010, Wadenmarki wakachapisha uchambuzi wa watoto zaidi ya 830,000, ambamo akina mama 1,804 walikuwa wamemeza dawa za aina hii katika miezi mitatu ya kwanza, pale viungo vya mtoto vinapoundwa. Kasoro zilikuwa asilimia 2.2 kwao na asilimia 2.4 kwa wasiomeza. Wewe utaianza wiki ya 36, viungo vimeshaumbika zamani. Kama una ugonjwa wa figo mwambie daktari kwanza, na unywe maji ya kutosha unapoimeza.

Hesabu yake ni hii: wiki nne ni vidonge 84 vya miligramu 400. Duka likiwa na vya 200 tu, utameza viwili viwili, kwa hiyo ni 168. Hospitali ya serikali wakati mwingine inazo na wakati mwingine zimeisha, basi anza kuziulizia sasa, usingoje wiki ya 36 ifike. Ukinunua, nunua kwenye famasi yenye leseni na uangalie tarehe ya kuisha muda. Usianze mwenyewe kabla hujaonana na mhudumu wa kliniki, kwa sababu ni yeye atakayethibitisha umri wa mimba. Nimeona wengi wanaohesabu miezi kwa mwezi wa angani wakakosea kwa wiki tatu nzima.

Ukirudiwa kabla ya wiki ya 36, dawa ni ileile kwa siku tano, na ukianza siku ya kwanza unapohisi mchomo ndipo inafanya kazi vizuri. Maumivu tuliza kwa parasetamoli. Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki katika miezi hii ya mwisho. Kukojoa kukichoma, jimwagie maji ya uvuguvugu hapo hapo unapokojoa. Inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka la dawa, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kwenye tyubu moja, ziache kabisa: steroidi hupunguza kinga ya ngozi na kukipa kirusi nafasi. Na mhudumu akikuchoma sindano ya penisilini kwa sababu ameona kidonda, usimkasirikie. Kaswende nayo hutoa kidonda na huua mimba, kwa hiyo mara nyingi wanatibu vyote viwili kwa pamoja. Ila akitaka kukuandikia siprofloksasini, mkumbushe una mimba ili achague nyingine.

Kuhusu mvuke wa wifi. Najua anakupenda na huenda mvuke huo ulimsaidia yeye kwa jambo jingine. Lakini mvuke hauifikii neva ya mgongoni, na nimeshatibu akina mama walioungua mapaja na mashavu ya uke kwa kukalia sufuria. Ngozi iliyoungua au kuchubuka ni mlango wazi kwa kirusi na kwa bakteria. Mumbwa (udongo uliochanganywa na dawa za miti) unayokunywa, kama unakunywa, mwonyeshe mkunga wako. Kwa herpesi haina kazi. Cha msingi ni kwamba usiingize kitu chochote ukeni, iwe jani, unga, ndimu au sabuni ya dawa.

Sasa upasuaji, ambao ndio mzito. Kuwa na historia ya herpesi peke yake hakutoshi kumpasua mtu. Miongozo ya Marekani na ya Uingereza inakubaliana hapo. Inapotofautiana ni pale mama mwenye herpesi ya zamani anapokutwa na kidonda uchungu ukiwa umeanza. Wamarekani husema apewe upasuaji. Waingereza husema hatari ni ndogo, aelezwe, na akitaka anaweza kuzaa kawaida. Tofauti hii ikueleze kwamba hakuna jibu moja lisilo na gharama.

Mimi nina msimamo wangu, na unatokana na mahali tunapofanyia kazi. Kwa takwimu za mwaka 2022, mwanamke wa Uganda huzaa kwa wastani watoto 5.2. Wewe uko kwenye wa pili. Kovu la upasuaji linaingia nawe kwenye kila mimba ijayo: mfuko wa uzazi unaweza kuchanika kwenye kovu wakati wa uchungu, kondo linaweza kushikamana nalo lisitoke, na kila upasuaji unaofuata ni mgumu kuliko uliotangulia. Hapo bado sijataja damu, maambukizi na wiki za kutoinua ndoo. Hivyo ukifika hospitali huna kidonda wala dalili, zaa kawaida kwa amani. Ukiwa na kidonda au ile hali ya kuchomachoma mahali palepale, uchungu ndio umeanza, chupa haijapasuka na chumba cha upasuaji kiko karibu, ningekushauri upasuliwe. Lakini mama mwenye herpesi ya zamani aliyefungua sentimita nane usiku wa mvua, sitamtoa kituoni kumpeleka mbali kwa gari bovu kwa ajili ya hatari ya 1 hadi 3 katika 100. Njiani kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Uamuzi huo utafanywa na timu iliyo mbele yako, na wewe una haki ya kuulizwa.

Ndiyo maana nakusihi usipange kuzaa mahali pasipo na uwezo wa kupasua. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu huzalisha vizuri, ila hakina chumba cha upasuaji. Cha ngazi ya nne kinatakiwa kuwa nacho, hivyo uliza bila aibu: kinafanya kazi? Daktari yupo usiku? Kwa Busia unaweza kuulizia pia hospitali ya Masafu, au Tororo. Jua utakwendaje na weka namba ya mwenye gari kwenye simu.

Siku yenyewe, mwambie mkunga mara tu unapopokelewa: "Nina herpesi ya zamani, nimekuwa nikimeza asiklovia." Usingoje aulize. Atakulaza, atawasha taa au tochi ya simu kama umeme umekatika, na ataangalia taratibu mashavu ya uke, njia ya haja kubwa, mapaja, halafu ndani hadi mlango wa uzazi kwa kifaa cha kupanulia. Atakuuliza kama unahisi mwasho au mchomo ule wa siku zote. Kidonda kikiwa pajani au tako, mbali na njia ya uzazi, kinafunikwa kwa bandeji na unazaa kawaida. Waombe wasiipasue chupa mapema bila sababu ya lazima na wasitumie kifaa cha kuvutia kichwa cha mtoto kama si lazima, kwa sababu mchubuko mdogo kichwani ni njia ya kirusi kupenya. Na chupa ikipasuka yenyewe ukiwa nyumbani, usikae kusubiri uchungu ukolee. Ondoka wakati huohuo.

Kwenye kitabu chako cha kliniki, omba waandike "HSV-2, inajirudia" na tarehe uliyoanza dawa. Ndugu akikisoma hataelewa, mkunga wa zamu ya usiku ataelewa. Ni muhimu, kwa sababu huenda atakayekuzalisha hajawahi kukuona.

Kunyonyesha, nyonyesha. Kirusi hakipiti kwenye maziwa kwa namna ya kumdhuru mtoto, na asiklovia inayopenya humo ni kidogo, haimdhuru. Kizuizi ni kimoja tu: kidonda cha herpesi kwenye titi lenyewe. Hapo mtoto anyonye upande mwingine mpaka kipone, na maziwa ya upande ulioathirika yakamuliwe na kumwagwa kama mkono au chombo kinagusa kidonda. Nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka msalani au kubadilisha pedi. Kulala naye kitanda kimoja au kumbeba mgongoni hakumwambukizi. Ninachokiogopa zaidi nyumbani ni wageni. Takriban mtoto 1 katika 10 wa wale wanaougua huambukizwa baada ya kuzaliwa, na mara nyingi ni kwa busu la mtu mwenye malengelenge mdomoni. Shangazi akija na mdomo umetoka vipele, mpe chai, mtoto abaki chumbani. Akinuna, na anune.

Umeniambia mume hajui. Sitakuamulia, ila nikupe mambo ya kupima. Kiafya, mtoto huyu hategemei mume ajue au asijue, kwa sababu kirusi ni chako tangu zamani na kingamwili unazo. Anayehitaji kujua kwa ajili ya mwili wake ni mume, kwani anaweza kuambukizwa hata siku ambayo huna kidonda, na HSV-2 humwongezea mtu uwezekano wa kupata VVU kama mara tatu. Huenda anacho tayari na hajui. Hata kama amepita imbalu (jando la kimila) au ametahiriwa hospitali, hilo humsaidia kwa sehemu tu: jaribio kubwa la Rakai lilikuta tohara inapunguza maambukizi ya HSV-2 kwa asilimia 28. Kondomu hupunguza pia, na siku za vidonda acheni kabisa.

Ukiamua kumwambia, usimwambie usiku baada ya ugomvi. Nenda naye kliniki, siku ambayo wanaume wanaalikwa na wote wawili mnapimwa VVU na kaswende, umwombe mkunga alieleze yeye, kwa kuanza na hili: kipimo hakiwezi kusema nani alianza wala lini. Wewe unajua ni kabla ya ndoa, na huo si usaliti. Lakini kama mume wako ni mtu wa kuinua mkono, mwambie mkunga kwanza ukiwa peke yako, na usimwambie mume mpaka mmepanga namna salama. Usalama wako na wa mimba unatangulia.

Mwisho ni zile dalili ambazo hazingoji barua. Kwako: homa kali na kichwa kinachopasuka, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, macho kuwa ya njano, kushindwa kabisa kukojoa, au vidonda vingi kuliko ulivyowahi kutoka. Kwa mtoto, katika wiki sita za kwanza, na hasa kati ya siku ya tano na wiki ya tatu: malengelenge popote kwenye ngozi au kichwani, macho mekundu yanayotoa majimaji, kukataa titi, kulegea kama kitambaa, kulala bila kuamshika, mwili kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, degedege, au kupumua kwa shida. Wapo wasiotoka hata kipele kimoja, kwa hiyo usingoje vipele. Herpesi ya kichanga isipotibiwa huua zaidi ya nusu yao. Ikitibiwa mapema kwa asiklovia ya kwenye mshipa, kwa siku 14 hadi 21, wengi hupona. Hospitali nyingi zitamwanzishia ampisilini na gentamisini zikidhani ni bakteria, na ni sawa waanze, ila dawa hizo hazigusi kirusi. Asiklovia ya mshipa haipo kila kituo, kwa hiyo sema mlangoni kabisa: "Mama yake ana herpesi." Neno hilo litawafanya wakumbuke kuitafuta au kukupa rufaa ya haraka kwenda Mbale. Ukiona lolote kati ya haya, usikae kuniandikia tena. Mbebe mtoto, panda boda, uende.